Kompyuta Iliyoganda na Hukumu Niliyoiharakisha

Wasomaji watukufu, juma hili sitazungumzia mirathi wala masharti ya eda, mambo mliyonizoea nayo katika ukurasa huu. Nitazungumzia kompyuta, na kosa langu.

Dada yangu mdogo aliolewa Machakos, na huko ndiko anakoshona mabuibui na kanzu. Zamu yake ya upatu ilipofika, alimnunulia mwanawe kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika ng'ambo, kwa kuwa kijana anasomea uchoraji wa majengo, na ramani siku hizi hazichorwi kwa kalamu na rula. Ikawekwa katika chumba cha kushonea, sakafuni chini ya meza ya cherehani. Mwaka haukutimia ikaanza kuganda. Picha husimama tuli, kipanya hakisogei, sauti hurudia mlio mmoja kama mwenye kigugumizi, na hapana dawa ila kubana kitufe mpaka izimike.

Mara ya kwanza dada alipoliona jambo hili, mwanawe alikuwa akicheza mpira humo ndani. Mara ya pili pia, na ya tatu. Akanipigia simu: "Kaka, mtoto huyu ameiua kompyuta kwa michezo. Njoo uzungumze naye, babake yuko safarini."

Nilikuwa na shughuli Nairobi juma lile, nikapitia kwao. Kijana aliniamkia, akakaa chini mbele yangu kwa adabu. Nilipomuuliza, alisema neno moja tu: "Mjomba, huganda hata nikichora nyumba." Nililisikia neno hilo wala sikulipima. Hukumu nilikuwa nimekwisha kuikata ndani ya matatu, kabla sijamwona mshtakiwa. Nikamwamuru aufute mchezo, nikamsomea na waadhi juu ya wakati. Aliufuta mbele ya macho yangu bila kujibu. Nilisali magharibi nikaondoka, nikijiona nimeitengeneza nyumba ya watu.

Msinielewe kwamba naitetea michezo hiyo yote. Yenye kamari naikataza, na inayomla mtu sala yake siipendi, hata ikiwa ni bao la barazani, ambalo wazee wenzangu hawapendi nilitaje katika mlango huu.

Baada ya majuma matatu, simu ikalia tena. Sauti ya dada ilikuwa nyingine. Mchezo ulikuwa umefutwa, na kompyuta ilikuwa ingali inaganda. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya chuo, iliganda juu ya ramani ya jumba la ghorofa nne, na saa kadhaa za kazi zikapotea. Kijana alikabidhi nusu. Kabla ya hapo mamake alikuwa akimwita mwongo kila mashine inapokwama, akidhani mchezo ameuficha pahali. "Sasa ananiamkia tu, Kaka. Zaidi ya hapo hasemi nami. Chakula anakula chumbani mwake."

Nikafunga safari makusudi. Basi la usiku kutoka Mombasa lilinishusha Machakos Junction alfajiri, na ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye kope. Asubuhi ile tukalibeba kasha la kompyuta, mimi, dada na kijana, tukalipeleka kwa fundi mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Fundi mwenyewe ni binti wa Kikamba, sidhani kama amefika miaka thelathini.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutolifungua. Aliuliza. Je, huganda baada ya muda gani? Muda huo ni ule ule, au leo dakika tano na kesho saa mbili? Huganda mahali pale pale katika mchezo? Hujizima yenyewe au hubaki na picha? Umeme wa nyumba hupanda na kushuka? Na mwisho: "Hukaa wapi nyumbani?" Kila swali alimwelekezea kijana, kwa sababu yeye ndiye mtumiaji, na kijana akajibu yote kwa ufasaha. Huganda baada ya dakika ishirini hivi, mchezoni na kwenye ramani vilevile. Akiandika barua tu, haigandi.

Nikamwomba atueleze maana ya maswali yake. Kama ingeganda mahali pale pale katika mchezo mmoja, alisema, angeshuku mafaili ya mchezo huo au programu inayoiendesha kadi ya picha. Kama ingeganda ovyo, bila kujali kazi, angeshuku kumbukumbu ya kompyuta, kisha diski, kisha kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Lakini inayochapa kazi dakika ishirini ndipo isimame, hiyo humfanya afikirie joto kwanza. Mtu akiandika barua, prosesa na kadi ya picha hazichoki. Mchezo wa mpira na ramani ya jumba linalozungushwa huku na huku huzitia zote mbili kazini kwa pamoja. Basi lile neno moja la mpwa wangu, nililolipuuza, lilikuwa nusu ya uganga.

Akaiwasha, akaizungusha ramani, na programu ndogo ikawa inaonyesha joto la prosesa. Likapanda hadi digrii 98, kisha picha ikasimama. Machakos iko kama mita 1,600 juu ya bahari, na huko maji ya chai huchemka kwenye digrii 95 hivi. Mashine ilikuwa na moto kuliko birika.

Akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, akafungua ubavu. Juu ya prosesa kuna kipande cha alumini chenye mabamba membamba, na feni ya kuyapuliza. Mabamba hayakuonekana. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi jekundu la Machakos lililoshikamana na nyuzi nyeusi. Dada akanyosha mkono akaunyofoa uzi mmoja, akautazama. "Huu ni wa mabuibui yangu," akasema, akakaa kimya.

Fundi alisafisha kwa burashi laini na hewa ya pampu, akiizuia feni kwa kijiti isizunguke, kwani kuzungushwa kwa upepo kunaweza kuiharibu. Akapangusa pesti iliyokauka kati ya prosesa na alumini, akapaka mpya, tone dogo tu. Ramani ikazungushwa tena, mara hii nusu saa nzima. Joto likasimama kwenye 70 na kitu. Akatuonya lisirudi sakafuni wala lisibanwe ukutani, lifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi michache, na kazi za chuo zinakiliwe pahali pa pili kila siku, maana diski iliyotumika ng'ambo haina ahadi.

Mtume, sala na salamu zimshukie, alipomtuma Seyyidna Ali kwenda Yemen kuhukumu, alimuusia asikate shauri mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Nimeisomesha hadithi hiyo miaka mingi. Jioni ile, baada ya isha, nilimwita kijana mbele ya mamake, nikamwambia: "Mwanangu, uliniambia kweli nami sikukusikia. Nakuomba radhi." Akasema, "Yamekwisha, Mjomba," akiyatazama magoti yake. Mamake hakuweza kusema. Aliinua sinia, akampakulia yeye kwanza, kabla yangu mimi mgeni, na kijana akala pale pale ukumbini.

Kompyuta sasa iko juu ya meza, ukumbini. Dada ameishonea kifuniko kizuri chenye tarizi, na kijana hukivua kabla ya kuiwasha, hukirudisha ikishapoa. Mchezo wa mpira umerudi humo. Nilipowazuru mara ya mwisho alinipa nami nafasi, nikafungwa mabao saba.