Tangu Jiwe hadi Skrubu

Nilipoanza kazi kwenye karakana ya bunduki Arusha, miaka ya 1990, sehemu kubwa ya zilizotufikia zilikuwa Mauser za muundo wa 1898, silaha za jeshi zilizopunguzwa kitako zikawa za kuwindia. Mwenyewe alikuwa amenunua darubini nzuri, mtutu ni wa kuaminika, ila triga imebaki ya askari. Ukiivuta inakuja bila uzito, inagota, kisha inakudai kilo tatu hivi ndipo ifyatuke. Kwa askari mwenye woga na glavu, mpangilio huo ni salama. Kwa mwindaji anayemlenga pofu wa mbali ni balaa, maana bunduki yenyewe haizidi sana kilo nne. Nguvu ile ya kidole inaiyumbisha yote.

Mzee aliyenifunza hakuthubutu kuweka tupa pale. Alikuwa na jiwe laini la Arkansas na tone la mafuta, akisugua mahali ambapo chuma cha triga kinashikana na kile kinachozuia pini. Alisugua kidogo, akafuta, akatazama kwa lenzi, akasugua tena. Pembe ya chuma haikutakiwa kubadilika hata chembe.

"Ng'arisha, mwanangu. Usikate."

Vyuma vingi vya zamani vimetiwa ugumu juu juu tu. Ukiimaliza ngozi hiyo, ndani ni laini, na panalika polepole mpaka siku bunduki ifyatuke yenyewe mtu anapoikoki. Wenye tupa mjini walituletea kazi nyingi sana!

Kupima tulipima kwa mizani ya springi, ile ya wauza nyama, ikinasa triga kwa ndoano. Halafu chumba kinahakikishwa kuwa kitupu, bunduki inakokiwa kwa nguvu, kitako kinagongwa kwenye mkeka wa mpira. Pini ikianguka, kazi inaanza upya, hata kama mteja amekaa nje na gari linanguruma.

Baadaye zikaja CZ 550 kutoka Uherský Brod, nchini Cheki, zenye skrubu za kurekebishia. Zilikuwa na ujanja mmoja: ukiisukuma triga mbele kwanza, inabaki kuhitaji mguso tu. Wageni waliupenda walipokuwa wakipima shabaha kambini. Wawindaji bingwa wengi walitaka tuuzime. Kwenye kichaka chenye nyati aliyejeruhiwa, kidole kimeloa jasho, nani anataka bunduki inayofyatuka kwa mguso?

Triga za Marekani zilikuwa na kasoro nyingine. Viwanda viliogopa kushtakiwa, vikaziacha nzito kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Savage walitoa triga yenye ulimi mwembamba katikati. Usipoubonyeza huo, pini inazuiwa, kwa hiyo mwenye bunduki angeweza kulegeza springi mwenyewe bila hatari kubwa. Wengine wakaiga. Tikka T3 ya Finland nayo ikaja na skrubu inayofikiwa kwa ufunguo mdogo tu, na tayari imetoka kiwandani ikiwa safi kiasi kwamba mara nyingi naiacha ilivyo. Kwa Mauser sasa tunafunga triga nzima mpya, kama za Timney, kwa mchana mmoja.

Sisikitiki. Jiwe la mzee bado ninalo na nalitumia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa mkwaruzo ambao viwanda vya leo havikuachii. Kinachonichosha ni hii homa ya wepesi. Mtu anadhani triga nyepesi ndiyo nzuri, wakati kinachomsaidia kulenga ni ile inayokatika ghafla bila kuburuta. Kilo moja na nusu iliyo safi inatosha kwa pofu na kwa nyati. Anayetaka nusu kilo kwenye bunduki ya kaliba ya 375 kwa sababu aliiona kwa wapiga shabaha wa mashindano, namrudishia bunduki yake kama ilivyokuja, na simtozi.