Sukari isiyofika Busia

Nimekuwa kimya wiki tatu, na si kwa uvivu. Shangazi yangu wa Busia anatibiwa saratani, na daktari alitaka apigwe picha ya PET. Mimi hapa Malaba huwaandikia mawakala wa forodha programu za kufuatilia malori, basi familia ikanikabidhi "mambo ya mashine". Ikabidi nisome.

Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, kwa hiyo sukari hiyo hujikusanya zilipo. Florini hutoa positroni, chembe yenye chaji chanya. Ndani ya nyama, positroni haiendi mbali: milimita moja hivi, inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka, na miale miwili inatoka kuelekea pande zinazopingana. Vihisio vilivyomzunguka mgonjwa vikinasa miale yote miwili kwa wakati mmoja, kompyuta inajua chanzo kiko kwenye mstari unaoviunganisha.

Mstari mmoja haukuonyeshi kitu. Usiku mmoja niliandika programu fupi ya Python, nikachora mistari elfu kumi ya kubuni. Pale ilipokatana kwa wingi, uvimbe ukajitokeza wenyewe! Mashine halisi hukusanya mamilioni, ikajenga picha ya pande tatu.

Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, kwani hawawezi kuituma hiyo sukari kwa basi? Huku sukari huvuka mpaka usiku kwa boda boda."

Nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Kila dakika 110, nusu ya florini-18 huisha. Basi la Nairobi hadi Busia huchukua kama saa tisa. Ingefika sehemu moja kati ya thelathini, na huku hata mashine ya kupigia picha hakuna. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ina mtambo wake wa kutengeneza dawa hii, na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta vilevile.

Kwa hiyo aliyesafiri ni shangazi, usiku kucha, tena bila kula, maana kipimo hutaka mtu afunge saa kadhaa.

Picha tulipewa kwenye CD. Kumtumia daktari wa Busia kulinichukua dakika chache tu. Zilionyesha doa moja, si mengi tuliyoyaogopa, na matibabu yanaendelea. Miaka yote nimewaambia wateja kwamba mtandao umefuta umbali. Shangazi miguu bado imemvimba kwa safari.

Tutaonana wiki ijayo.