Kanisa Lisilo na Dhehebu

Wakristo wawili Waprotestanti wakutanapo kwa mara ya kwanza, aghalabu mmoja humwuliza mwenziwe, "Wewe ni wa dhehebu gani?" Jibu huwa fupi: Mwanglikana, Mpresbiteri, Mmethodisti, Mbaptisti. Lakini liko jibu jingine ambalo nimelisikia mara nyingi: "Kanisa letu halina dhehebu." Jibu hili ni tamu masikioni, kwa kuwa limebeba harufu ya amani, na hapana mtu mwema asiyechoshwa na mafarakano. Walakini wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nataka kuingia pamoja nawe, msomaji kijana, tutazame kilichomo.

Dhehebu ni jamii ya makanisa mengi yaliyofungwa pamoja kwa kamba nne. Ya kwanza ni ungamo la imani, yaani mafundisho ambayo kila kanisa katika jamii hiyo limekubali kuyashika. Ya pili ni utaratibu wa ibada, ubatizo na Meza ya Bwana. Ya tatu ni utawala: Waanglikana huongozwa na maaskofu, Wapresbiteri huongozwa na wazee wakutanao katika mabaraza, moja juu ya jingine. Ya nne ni mali na watumishi: nani amiliki kiwanja, nani amweke mchungaji, na nani aweze kumwondoa. Si madhehebu yote yanayozikaza kamba hizi sawasawa. Wabaptisti, kwa mfano, huliachia kila kanisa la mahali uhuru mwingi.

Kanisa lisilo na dhehebu ni lile lisilofungwa kwa kamba hizo na makanisa mengine. Husimama peke yake. Huandika katiba yake, huchagua mchungaji wake, hushika hati ya kiwanja chake, na halitumi hesabu zake kwa askofu wala sinodi. Hata hivyo halikomi kuwa la Kiprotestanti, maadamu lafundisha kuwa Biblia ndiyo hakimu wa mwisho wa imani, na kuwa wokovu ni neema ipokewayo kwa imani. Basi linalokosekana si mafundisho, ni mafungamano.

Hapa wengi hukosea. Hudhani kuwa kanisa la namna hii halina mafundisho ya kubagua hili na lile. Jambo hilo haliwezekani. Siku mama atakapomleta mtoto mchanga abatizwe, kanisa litambatiza au litakataa. Siku mtu mzima atakapoomba ubatizo, atanyunyiziwa maji au atazamishwa. Katikati hapana njia. Kila kanisa lina jibu lake, ama liliandike kitabuni, ama liliache kinywani mwa mchungaji. Kwa hiyo kanisa laweza kuwa halina dhehebu, na papo hapo likafundisha kama Wabaptisti katika jambo hili, na kama Wapentekoste katika jambo lile.

Tamaa ya kuwa Mkristo tu, bila jina jingine, si ngeni. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa, hawa wakijiita wa Paulo, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Na tazama, hata waliojiita wa Kristo alitaja jina lao katika orodha iyo hiyo. Huko Marekani, mwaka 1804, Barton Stone na wenzake katika jimbo la Kentucky waliivunja sinodi yao ndogo kwa hiari, ili wawe Wakristo tu. Mwaka 1809 Thomas Campbell, mchungaji wa Kipresbiteri aliyetoka Ireland, alitoa tangazo la kuwasihi Wakristo waungane juu ya Biblia peke yake. Wafuasi wa pande hizi mbili waliungana mwaka 1832. Lakini hesabu ya makundi ya dini iliyofanywa na serikali ya Marekani mwaka 1906 iliwaonyesha wakiwa wamekwisha gawanyika, na kila upande una jina lake. Waliokimbia jina walifuatwa na jina.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda karibu na hayo. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alifika Ukambani na wenziwe wa misioni ya Africa Inland, nayo ilipokea watumishi wa madhehebu mbalimbali. Haikuja kupanda dhehebu fulani. Lakini waumini wake walipoongezeka walihitaji wachungaji, kanuni na utawala, na tangu mwaka 1943 tunalo Africa Inland Church, ambalo leo ni dhehebu kubwa. Mwaka 1913 wamisionari wa misioni kadhaa za Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta umoja. Mwishoni walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika hata akamshtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Kanisa moja halikupatikana. Lakini mwaka 1918 ushirikiano wa misioni uliundwa, na shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ilipata jina lake humo. Huo ulikuwa umoja wa madhehebu, kila moja likibaki na jina lake. Ni jambo jingine kabisa na kanisa lisilo na dhehebu, wala tusiyachanganye.

Misioni hizo ziligawana nchi. Kwa sababu hiyo dhehebu la mtu likawa mara nyingi ishara ya kwao: Wapresbiteri wengi walitoka Ukikuyu, Wamethodisti wengi Meru na pwani, Marafiki wengi Uluhya. Niliishi miaka kadhaa Nairobi jirani na kanisa dogo lisilo na dhehebu, nikaabudu humo. Kwenye benchi moja walikaa Mluo, Mkamba, Mmeru na Mtaita, wala hapana aliyejiona mgeni katika kanisa la wenziwe, kwa kuwa halikuwa urithi wa kabila lo lote. Hiyo ni baraka kubwa katika nchi kama yetu, nami nisingependa kuidharau.

Lakini niliona na upande wa pili. Mchungaji na wazee waligombana juu ya kiwanja ambacho washirika walikuwa wamekichangia shilingi kwa shilingi. Hati ilikuwa na majina ya watu watatu, na watatu hao walikuwa upande mmoja. Mama mmoja muuza mboga, aliyetoa akiba yake ya miaka miwili, aliniuliza, "Mwanangu, sasa tumshtaki kwa nani?" Sikuwa na la kumjibu. Askofu hakuwapo, sinodi haikuwapo. Ilibaki mahakama ya serikali, na nauli ya wakili hakuwa nayo. Kwa haki niseme kuwa askofu naye aweza kuonea, na sinodi yaweza kuchelewa. Lakini penye baraza la juu, mnyonge ana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo ukiingia katika kanisa lisemalo kuwa halina dhehebu, usiridhike na ubao ulioandikwa nje, wala usiudharau. Uliza kwa adabu: Katiba yenu iko wapi, nani aweza kuisoma? Mwafundisha nini juu ya ubatizo? Mchungaji akikosa, nani humwonya? Kiwanja na fedha zimeandikwa kwa jina la nani? Kanisa lililo wazi halitaudhika kwa maswali haya, bali litakuonyesha majibu kwa furaha. Uhuru wa kanisa ni kitu chema; lakini uhuru usio na msimamizi huwalea wenye nguvu na kuwasahau wauza mboga. Aliyekata kamba za zamani anapaswa kusuka nyingine kwa mkono wake, zenye nguvu ya kumshika hata yeye mwenyewe.