Bustani ya Jikoni Isiyokauka: Safari Yetu ya Matambarale



Msafiri aendaye Matambarale katika mwezi wa Oktoba huikuta nchi imekauka. Mvua za upande huu wa Mkoa wa Lindi ni za msimu mmoja tu: huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo hufuata kiangazi kirefu. Nasi tulipoingia huko kwa njia itokayo Nachingwea kuelekea Ruangwa, nyasi zilikuwa zimeungua, vumbi jekundu limetanda njiani, na kijani kilichobaki kilikuwa cha mikorosho na miembe. Korosho zilikuwa zimeanza kuokotwa, na watu walikuwa na matumaini ya fedha. Lakini fedha ya korosho ni jambo moja, na mboga ya leo jioni ni jambo jingine.

Tulipopiga hodi katika nyumba ya bibi mmoja tulipokaribishwa kupumzika, tulistaajabu. Nyuma ya jiko lake, ndani ya ua wa miti na miiba, mlikuwa na matuta manne yenye mchicha, matembele, bilingani na pilipili. Pembeni mchaichai na mrehani. Na kwenye kona mpapai na mlonge.

“Shikamoo bibi,” tulimwambia, “maji ya kunyweshea haya yote watoa wapi?”

“Marahaba, wanangu,” alijibu. “Kisima kiko mbali, nami miguu yangu mwaiona. Tuta moja hunywa maji ya udhu. La pili hunywa maji ya kuoshea mchele na mboga. Mawili yaliyobaki ndiyo wajukuu huyachotea.”

Kisha akatueleza sababu. Mwaka mmoja fedha ya korosho ilikwisha mapema, na kiangazi kilipofika akawa akiwaandalia wajukuu ugali na chumvi. Mmoja wao, jua likishazama, akawa hauoni mlango mpaka aupapase. Akaambiwa alishe mtoto majani na mapapai. Naye akaona haya kununua majani kwa mtu mwingine, hali yeye ana ardhi na jembe. Ndipo alipoanza tuta la kwanza.

Bibi yule hajapata kufika Ufaransa, lakini alilolifanya Wafaransa wanalijua sana. Wao huwa na bustani karibu na jiko, waiitayo potaje, jina litokanalo na neno lao la supu. Yaani ni bustani ya kile kiingiacho chunguni. Humo mboga, majani ya kunukia, matunda na maua huchanganywa pamoja, na kila tuta likivunwa hupandwa tena, ili jiko lisilale njaa mwezi wowote. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya mfalme Louis wa 14 huko Versailles, iliyotengenezwa na Jean-Baptiste de La Quintinie kati ya mwaka 1678 na 1683.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 12, huko Seville katika Andalus, mwanachuoni Ibn al-Awwam alitunga kitabu kikubwa cha kilimo, akaeleza udongo, samadi, umwagiliaji na mboga za kila namna. Wafaransa wenyewe walikifasiri kwa lugha yao katika miaka ya 1860. Hata bilingani lile tulilolikuta Matambarale, jina lake katika Kiswahili na jina lake katika Kifaransa yana asili moja, kwani mboga hiyo ilitoka mashariki ikaenea Ulaya kwa mikono ya Waarabu.

Lakini yatupasa tutahadhari. Nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa imekwisha kuona kilimo cha haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea zaidi ya pauni milioni 35. Na reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Walikata msitu kabla ya kuijua vyema ardhi na mvua yake. Mwenye tuta moja nyuma ya jiko naye aweza kukosa kwa namna ile ile, akilima matuta kumi wakati wa mvua, kisha akayaacha yafe Septemba.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: hesabu maji kwanza, kisha lima tuta. Tuta la urefu wa mita 5 na upana wa mita 1 lahitaji kiasi cha lita 25 kwa siku wakati wa kiangazi. Sasa tazameni: nyumba yenye watu 5 wanaosali, kila mmoja akitawadha mara 5 kwa lita 1 tu, hutoa lita 25 kila siku. Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji yasiyofika hata lita 1, na kwamba alikataza israfu ya maji hata kwa aliye kando ya mto. Basi maji tunayoyaacha yatuame mlangoni ni tuta zima la mchicha. Yafaa mahali pa kutawadhia paelekezwe bustanini. Lakini maji yenye mafuta au sabuni nyingi yasimwagwe humo.

Kanuni ya pili ni kwenda na majira. Wakati wa mvua inueni matuta, maji yasituame, mpande kunde, maboga, bamia na matango. Mvua zikielekea kwisha, mwezi wa Aprili na Mei, sieni mbegu za nyanya, bilingani na kabichi chini ya kivuli, ili miche ihamishwe na kukua katika miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti. Jua la Septemba likija, geuzeni matuta kuwa majaruba yenye kingo, maji yatulie. Mfunike udongo kwa nyasi kavu, na mmwagilie alfajiri au jioni. Wakati huo mchicha, matembele na mlonge ndio wa kutegemewa. Kisamvu nacho hakikosekani, lakini ni lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, maana kibichi kina sumu.

Kanuni ya tatu ni kusia kidogo kidogo. Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 au 4. Atakayesia mbegu zote siku moja atakula kwa fujo wiki moja, kisha akae bure. Bali sieni sehemu ya tuta kila baada ya wiki 2. Na pale palipotoka nyanya msipande bilingani, kwani ni mimea ya jamaa moja na magonjwa yake hurithiana. Pandeni kunde, ambazo huurudishia udongo nguvu.

Kazi hii si ya kina mama peke yao. Vijana wanaosubiri kazi mjini wajue kwamba ua wa miiba, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na ndoo mbili za maji si kazi ya kumvunjia mtu heshima. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mmea, akala humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka.

Tulipoaga jioni ile, bibi alikata fungu la mchicha akatupa. Mjukuu wake yule aliyekuwa hauoni mlango ndiye aliyetusindikiza mpaka njiani, na kiza kilikuwa kimekwisha kuingia. Alitangulia mbele yetu, akituonyesha mashimo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema ya maji na ardhi. Amin.