Misimbo Iliyotutoa Kijasho

Bila shaka mnakumbuka maonyesho yetu ya ngano Siku ya Wazazi. Wengi wenu mlipita, mkasifu picha, mkaenda zenu kula. Si vibaya. Leo lakini nataka niwape habari za nyuma ya pazia, jinsi ile misimbo ya QR ilivyotutoa kijasho chembamba jioni ya kuamkia siku hiyo.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri ajabu. Tulikuwa tumekusanya ngano 12 kutoka kwa wazee wa vijiji vyetu, tukazirekodi kwa simu ya mlezi wa chama. Kila ngano ikapewa kadi yenye msimbo. Mgeni akielekeza simu yake hapo, sauti ya mzee inatoka. Kadi ya tisa ilikuwa ya nyanya yangu mzaa mama, naye alikuwa ameshaahidi kuja. Sasa fikirini: saa kumi na mbili jioni mwalimu anazijaribu, na kadi saba ni bubu kama jiwe!

"Aah, hii simu imezeeka, mwalimu," akasema mwenzetu mmoja. Sote tukaitikia. Lakini simu ya mpishi, tena mpya, ikakataa kadi zile zile. Hapo nikaona kulaumu simu hakutatufikisha popote. Nikazigawa kadi mafungu mawili: zile ambazo kamera haizitambui kabisa, na zile inazozitambua ila sauti haitoki. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani hata chembe.

Fungu la pili lilikuwa na kadi mbili. Anwani inatokea vizuri, ukibonyeza unaambiwa uombe ruhusa. Kumbe msimbo ni mzima, faili ndiyo iliyofungwa! Mwalimu akazifungua faili zote mbili, mambo yakaisha.

Fungu la kwanza, lo! Hebu utazame msimbo wowote. Pembe tatu zina miraba mikubwa. Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso kule Japani, walioubuni mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, hawakuiweka pale kama pambo. Mstari ukipita katikati ya mraba huo hukutana na weusi na weupe kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, mpangilio ambao ni nadra kuupata katika maandishi ya kawaida. Kamera hutafuta hilo kwanza. Isipoliona, haiendelei mbele. Na ili ilione, msimbo lazima uzungukwe na ukingo mweupe wenye upana wa vijiraba vinne. Hapo ndipo wasanii wetu walipotumaliza! Kadi tatu walizikata hadi kwenye wino wenyewe, kisha wakazibandika juu ya manila nyeusi ati zipendeze. Tulizichapa upya, tukaacha ukingo, zikasomeka papo hapo. Ya nne ilichapwa kwa manjano, rangi ya shule, juu ya karatasi nyeupe. Wewe unaiona, kamera haioni tofauti ya kutosha.

Ikabaki ile ya nyanya. Ukingo upo, weusi upo, na bado kimya. Moyo ulinidunda. Tatizo lilikuwa anwani, ndefu kama reli. Herufi zikizidi, vijiraba navyo huzidi: msimbo mdogo kabisa una 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177. Vijiraba chungu nzima vilikuwa vimebanwa katika nafasi ya stempu, na fotokopi ikavifanya vishikane. Tukafupisha anwani, tukauchapa msimbo mpya wa upana wa sentimita 6. Simu ikaudaka hata kabla sijasimama sawasawa.

Kilichonichekesha ni kadi ya pili. Ilimwagikiwa chai jioni ile ile, na bado ilisomeka kuliko zote! Doa lilikuwa pembe ya chini kulia, ambako hakuna mraba mkubwa, na msimbo hubeba data ya ziada ya kuziba mapengo. Ukitengenezwa kwa kiwango cha juu, unaweza kuvumilia uharibifu wa karibu asilimia 30.

Nyanya alifika saa tano. Alisikiliza sauti yake hadi mwisho, uso mkavu, kisha akauliza ni nani aliyekata wimbo wa fisi. Tutaurekodi likizo hii.