Nondo mwenye almasi mgongoni

Mwaka jana shamba langu la shu liliharibika. Majani yalijaa matundu, na mahali pengine ulibaki utando mwembamba kama kioo. Shu hizo zilikuwa feza ya masomo ya watoto wangu. Kwa hasira nikamshuku jirani, mama mjane, maana tulikuwa tumegombana juu ya mpaka. Sikusema neno, lakini niliacha kumwamkia. Ndimi niliyekuwa nikifundisha watoto wapatane!

Usiku mmoja niliingia shambani na taa. Nilipogusa majani, nondo wadogo wa rangi ya vumbi wakaruka, wasio na uzuri wowote. Mmoja akatua karibu na taa. Urefu wake haukufika sentimeta moja. Akakunja mabawa kama paa la nyumba, akanyosha vipapasio mbele. Hapo nikaona ajabu: mgongoni mwake almasi tatu nyeupe zimefuatana, kama zile za karata!

Nikaokota mwingine aliyekufa, nikatazama bawa lake. Halikuwa na almasi hata moja, ila ukingo mweupe wenye mawimbi. Kila bawa huchukua nusu tu ya alama. Yakikutana mawili, ndipo almasi hutimia. Kwa dume hung'aa, kwa jike hufifia. Akiruka, huoni kitu.

Asubuhi nilifunua majani, nikakuta watoto wake: viwavi wembamba wa kijani, ambao wakiguswa hurudi nyuma upesi na kuning'inia kwa uzi. Hao ndio walaji. Mdudu huyu alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na leo yuko karibu kila nchi inayolima shu. Mwaka 1953, kule Java, alionekana hafi tena kwa dawa ya DDT. Kwa hiyo mimi huondoa viwavi kwa mkono, na baada ya mavuno hung'oa mashina yote.

Lakini kwanza nilikwenda kwa jirani, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Shu zake zilikuwa matundu matupu.

«Mwalimu», akasema, «nami nilisema moyoni kwamba ni wewe.»

Tukacheka, tukainama pamoja kutafuta viwavi.

Ndugu msomaji, kabla ya kumshuku mtu, shika taa, ufunue jani.