Usiku Wangu Ndakaini

Nilikuwa mtu wa kulalamika. Mgao wa maji ulipoanza Nairobi Januari 2017, mdomo wangu haukupumzika. Nilimlaumu mlinzi wa ploti, nikamkemea kijana wa mkokoteni aliyenipandishia mitungi hadi orofa ya nne, nikagombana na mke wangu kwa sababu ya ndoo moja. Kanisani niliimba vizuri. Nyumbani hakuna aliyependa kukaa karibu nami. Tangu ujana nilikuwa nimeyanywa maji ya jiji hili bila kujiuliza hata siku moja yanatoka wapi.

Aprili vijana wa kanisa letu walipanga kupiga kambi kando ya Bwawa la Ndakaini, huko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, wakatafuta mtu mzima wa kuandamana nao. Nilikubali shingo upande. Barabara inapanda katikati ya majani chai hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya msitu wa Nyandarua, kisha unaliona tuta la bwawa limeota nyasi kama kilima. Lilikamilika mwaka 1994. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu huingia humo, na likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Siku ile lilikuwa limepungua sana. Kingo za udongo mwekundu zilikuwa zimepasuka, na visiki vya zamani vimechomoza kwenye tope. Kijana mmoja, mwanafunzi, ndiye aliyenieleza kwamba maji yale huteremka hadi Ngethu kusafishwa, na kwamba sehemu kubwa ya Nairobi huyategemea. Mimi mkubwa wao sikuwa nikijua.

Usiku mvua ikashuka. Tulikuwa tumesimamisha mahema mahali palipobonyea, kwa hiyo maji yakaingia, mablanketi yakalowa chapachapa, vijana wakatetemeka. Shosho mmoja wa boma la jirani aliziona tochi zetu zikihangaika, akaja amejifunika gunia. "Ingieni, wanangu. Baridi ya huku haichezewi."

Jikoni mwake moto uliwaka katikati ya mafiga, na sufuria ya githeri ilikuwa juu. Kabla ya kutupakulia aliomba. Aliishukuru mvua kwa muda mrefu, akataja mahindi, ng'ombe, chai yake, halafu akasema, "Na watu wa Nairobi nao wapate maji." Nilikuwa nimeketi pale miguu imejaa tope, sijasema ahsante hata kwa moto.

Kulipokucha nilimsindikiza kuchota maji. Tulishuka utelezi hadi kijitoni na mitungi ya lita 20. Nikamuuliza kwa nini hana mfereji. "Mfereji wetu ni huu, mwanangu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea bwawani: shamba la wakwe zake lilikuwa huko chini. Walilipwa, wakahama. Hakulisema kwa uchungu, wala hakujifanya kwamba haukuwapo. Nililia, mbele ya vijana niliokwenda kuwaongoza.

Sitaki kukudanganya kwamba nilirudi mtu mpya. Ulimi wa zamani ulirejea wiki ileile. Nilimwomba msamaha kijana wa mkokoteni, akadhani ninamtania. Mke wangu alinitazama miezi mingi kabla ya kuniamini, na alikuwa na haki. Hata sasa zipo asubuhi ninapolazimika kuufunga mdomo na kuomba. Lakini ninamshukuru Mungu. Sikuitafuta neema ile. Nilikwenda na uso uliokunjamana, nikalishwa na mtu ambaye shamba la watu wake limefunikwa na maji ninayokunywa.

Kama nawe umeichoka sauti yako mwenyewe, nenda ukalale kule. Omba ruhusa kwanza, beba blanketi zito, piga hema mahali palipoinuka. Usioshe sufuria kwa sabuni ukingoni, maana maji hayo yananywewa. Na mtu akikukaribisha jikoni mwake, ingia.